Likizo ya skrini kwa mtu wa makamo: namna ya kuaga, kutoka na kurudi

Ushauri mwingi wa kupumzika na simu umeandikwa kwa ajili ya vijana. Futa TikTok, fungia simu kabatini, nenda ufukweni. Mtu wa miaka 45 akiusoma anacheka tu. Mama yake yuko kijijini na presha, mtoto yuko bweni na matroni anaweza kupiga wakati wowote, mpangaji analipa kodi kwa simu, yeye mwenyewe ni mweka hazina wa kikoba, na ndani ya simu hiyohiyo kuna magrupu mawili ya harusi na moja la msiba uliokwisha mwaka jana, ila hakuna mwenye ujasiri wa kulifunga. Azime simu aende wapi?

Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwingine. Ukifika umri wa makamo, tenganisha simu na skrini. Simu ni kupiga, kupokea, ujumbe mfupi na pesa. Skrini ni WhatsApp, Facebook, video, habari na yote mengine unayoyasogeza kwa kidole gumba. Simu huwezi kuiacha, wala huna sababu ya kuiacha. Skrini unaweza kuiacha kuanzia Ijumaa jioni mpaka Jumapili jioni, mradi uage kweli, kama mtu anayesafiri kwenda mahali ambako mtandao hakuna.

Kinachotuchosha hasa

Tuanze na macho. Baada ya miaka 40 lenzi ya jicho huzidi kukakamaa na kuona vitu vya karibu kunageuka kazi. Ndiyo maana utamwona mtu mzima anasoma ujumbe mkono ameunyoosha wote na kidevu amekirudisha nyuma. Tukikodolea skrini tunapepesa kope mara chache, macho yanakauka, na ifikapo jioni kichwa kinagonga. Wengi tunasema ni mawazo. Wakati mwingine ni miwani ya kusomea tu ambayo hatujainunua.

Halafu usingizi. Usingizi wa umri huu ni mwepesi kuliko ule wa miaka 25. Wanawake wengi hufikia ukomo wa hedhi kati ya miaka 45 na 55, na miaka ya kuelekea huko huja na joto la ghafla, jasho la usiku na kuamka saa nane bila sababu. Wanaume nao wanaamka kwenda haja ndogo. Hapo ndipo mkono unapoigusa simu. Mwanga wake unapunguza melatonini, homoni inayouambia mwili kwamba bado ni usiku. Lakini kwa maoni yangu mwanga ni kosa dogo kuliko kilichomo. Ukikutana na ujumbe wa mdogo wako, "Kaka upo? Nina shida kidogo", hata kama umeandikwa tangu saa tatu, usingizi huo ndio umekwenda.

Tatu, vitu hivi vimetengenezwa visiwe na mwisho. Gazeti lina ukurasa wa nyuma. Taarifa ya habari ina "usiku mwema". Mwaka 2006 mbunifu wa Marekani, Aza Raskin, alibuni ule ukurasa unaoendelea kushuka daima kila unapousogeza, na baadaye akasema hadharani kwamba anajutia ulivyotumika. Zamani kabla yake mwanasaikolojia B. F. Skinner alishaonyesha kwa njiwa na panya kwamba mnyama anayepata chakula bila kujua lini kitakuja hubonyeza kitufe kwa bidii zaidi, na ni vigumu mno kumwachisha. Grupu la familia linafanya kazi hivyohivyo: picha arobaini za maua ya asubuhi njema, kisha katikati yake habari moja ya kweli, kwamba shangazi amelazwa. Kwa ajili ya ile moja unazifungua zote.

Hatua ya kwanza: wiki ya kupeleleza

Usipunguze chochote wiki hii. Kwenye Android ingia Mipangilio, utafute Nidhamu Dijitali. Kwenye iPhone sehemu hiyo inaitwa Screen Time. Utaona saa ulizotumia kwa siku, programu zilizokula muda huo, na mara ngapi umeifungua simu. Iandike namba hiyo mahali, usiishtukie.

Namba peke yake haikuambii sababu. Nunua daftari dogo la kuingia mfukoni au kwenye pochi, na kila unapojikuta umeishika simu bila kupigiwa, andika saa na kilichokupeleka, maneno machache tu. Litaonekana hivi:

Saa 11.40 alfajiri, kuangalia saa. Nimeishia kwenye status za watu.
Saa 4.15 asubuhi, risiti ya kikoba.
Saa 9 alasiri, baada ya kikao na bosi.
Saa 3.50 usiku, sijui.

Zile "sijui" ndizo unazozitafuta. Wiki ikiisha, pitia daftari na uweke alama pembeni: kazi, wajibu, woga, au kukimbia. Kazi na wajibu vinaeleweka. Woga ni ule wa kuwa mtu wa mwisho kusikia msiba, au wa kuonekana umeringa kwa sababu hukuandika "pole" mapema. Kukimbia ni pale unapofungua video ya mtu anayepika pilau Zanzibar kwa sababu sebuleni kuna ukimya usioujua uanzie wapi kuuvunja, au kwa sababu ada ya muhula haijatimia. Andika bila aibu, daftari ni lako. Mtu mwenye alama nyingi za woga anahitaji hatua ya tatu kuliko zote. Mwenye alama nyingi za kukimbia ajiandae kwa Jumamosi mchana, nitaifikia.

Hatua ya pili: ivue simu vyeo vyake

Tazama tena mstari wa kwanza wa daftari. Mwenye daftari alitaka kujua ni saa ngapi, akajikuta kwenye status. Kabla ya likizo, rudisha kila kazi kwa mwenyewe: saa ya ukutani au ya mkononi, saa ya mezani yenye kengele, tochi, redio, Msahafu au Biblia ya karatasi. Vingi tayari vimo ndani ya nyumba, vinahitaji betri tu.

Kisha kitochi. Kiite kiswaswadu, au mulika mwizi ukiwa Kenya, ni ile simu ndogo ya vitufe. Hiki ndicho kitakachokubebea simu wakati skrini imelala. Laini yako kuu utaihamishia humo, na hapa kuna mambo manne ambayo watu hukwama nayo.

Laini za siku hizi ni ndogo sana, vitochi vingi vina nafasi ya laini kubwa. Tafuta kile kifremu cha plastiki cha kuikalisha, mafundi simu wanavyo. Usiibandike kwa gundi ya karatasi, itakwama ndani.

Majina hayatahama na laini. Siku hizi namba zetu zimehifadhiwa kwenye simu yenyewe au kwenye akaunti ya Google, kwa hiyo ukiwasha kitochi utakuta patupu. Kaa na daftari, nakili namba ishirini au thelathini za watu wa lazima, kisha uziingize moja moja. Ni kazi ya kuchosha, lakini inakuonyesha bila kificho nani ni mtu wako.

Pesa haihitaji intaneti. M-Pesa ya Tanzania inafanya kazi kwa *150*00#, Airtel Money kwa *150*60#, na M-Pesa ya Kenya kwa *334#. Namba ya siri ni ileile. Baadhi ya programu za benki zitagoma laini ikiwa imetoka kwenye simujanja, na wikendi hii hilo ni faida.

WhatsApp haifutiki kwa kutoa laini. Itabaki kwenye simujanja ikikusubiri na jumbe zake zote, mradi usiisajili namba hiyo kwenye simu nyingine.

Fanya jaribio Alhamisi, usingoje Ijumaa: piga, pokea, tuma ujumbe, angalia salio. Kitochi nacho kichajiwe na kiwekwe dakika za maongezi, maana bando la intaneti halitakusaidia kitu humo.

Hatua ya tatu: kuaga

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Anayepotea kimya atatafutwa, na kwa umri wetu mtu asiyepatikana siku mbili tayari ana watu njiani kuja kumwangalia. Akirudi anakuta lawama, na lawama hizo ndizo zinazomfanya asirudie tena.

Kwa wazazi, piga simu. "Shikamoo mama. Wikendi hii WhatsApp sitakuwepo, ila simu ninayo mkononi. Ukinihitaji nipigie hivi hivi kawaida." Usimweleze habari za skrini na utulivu, ataanza kuhisi unaumwa na unamficha.

Kwa kikoba au chama, andika Alhamisi: "Ndugu wanachama, habari za jioni. Kuanzia kesho saa 12 jioni hadi Jumapili saa 12 jioni sitakuwa WhatsApp. Marejesho yatumwe kama kawaida, risiti zote nitazitoa Jumapili usiku. Kwa jambo la haraka naomba nipigiwe." Basi. Ukiongeza kwamba unapumzisha akili, utapata maswali sitini na mchungaji mmoja atakayeomba namba yako ya nyumbani.

Kazini mwambie mkubwa wako kwa mdomo, kabla ya Ijumaa mchana, na kwa lugha ya kupatikana: "Wikendi hii napatikana kwa kupigiwa tu, bosi." Wengi hawana neno. Wakipaswa kupiga badala ya kutuma, utashangaa mambo mangapi yanaweza kusubiri Jumatatu.

Kisha mteue mtu wa habari. Awe dada, shemeji au rafiki wa karibu aliyemo kwenye magrupu yako makubwa. Mpe kazi moja: kukiwa na kifo, ugonjwa mzito au ajali, anakupigia. Michango, kadi na mabishano ya siasa asikuletee. Woga mwingi unaisha hapohapo, kwa sababu sasa kuna mtu anayechungulia kwa niaba yako. Nawe utamfanyia hivyo zamu yake ikifika.

Kama una mtoto au ndugu Muscat au ng'ambo nyingine anayekupata kwa WhatsApp pekee, mpangie saa: Ijumaa kabla hujazima, au Jumapili ukishawasha. Akiijua saa hatahangaika.

Kwa mwenzi wako, mweleze lakini usimlazimishe. Mume anayejitangazia likizo ya skrini na kisha kumkodolea macho mkewe kila akigusa simu yake hajapumzika, amehama tu kutoka kusumbua watu mtandaoni.

Hatua ya nne: chumba cha kulala

Hii haina maelezo mengi, na kama utachukua hatua moja tu katika huu mwongozo mzima, ichukue hii. Simujanja isilale chumbani. Ichajiwe sebuleni au jikoni, kuanzia saa tatu usiku, kila siku, likizo au si likizo. Kitochi kinaweza kukaa karibu na kitanda kwa ajili ya simu za dharura, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kukesha akitazama kitochi.

Hatua ya tano: wikendi yenyewe

Ijumaa saa kumi na mbili jioni zima simujanja kabisa. Kuiweka kimya hakutoshi, kuigeuza kifudifudi pia hakutoshi. Izime, iweke kwenye sanduku au kabati la chumba kingine.

Ijumaa usiku hupita vizuri. Kuna ugeni wa jambo. Ugumu unakuja Jumamosi asubuhi. Maji ya chai yanachemka, umesimama jikoni, mkono unaingia mfukoni wenyewe na kukuta kitochi. Nusu saa baadaye unarudia. Watu wengi huhisi hata mtetemo kwenye paja pasipo simu yoyote hapo. Wengine wanakuwa wakali kwa watoto bila sababu. Haya yote ni ya kawaida na hupungua kadiri siku inavyokwenda, ila waambie wa nyumbani mapema wakuvumilie.

Asubuhi ipe kazi ya mikono. Palilia, fua, panga stoo, paka rangi kile kiti, peleka saa ya marehemu baba kwa fundi. Kazi iwe na mwanzo na mwisho unaouona kwa macho. Nusu saa ya kutembea kwa miguu ihesabu kama dawa: Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki kwa mtu mzima, na wengi wetu hatufiki.

Mchana ndio mgumu zaidi. Kazi imeisha, chakula kimeliwa, jua kali, hakuna cha kusogeza kwa kidole. Mambo uliyokuwa ukiyakimbia yatakuja yakae mbele yako: deni, kinyongo na ndugu, afya ya mzazi, kazi ambayo huioni ikikufikisha kwenye kustaafu. Usikimbilie kulala na usiwashe televisheni. Chukua lile daftari. Andika kila linalokuja, na mbele yake andika kitendo kimoja kidogo cha Jumatatu. "Ada: kumpigia mhasibu wa shule, kuomba kulipa kwa awamu." "Baba: kuuliza kliniki ya macho hospitali ya wilaya ni siku gani." Lisilo na kitendo, liandike tu na uliache wazi. Sijaona njia nyingine inayofanya mawazo yanyamaze upesi hivi, na nadhani ni kwa sababu mengi yalikuwa yanasubiri kusikilizwa dakika tano.

Jioni toka. Nenda kamsalimie mtu, hasa mgonjwa au mzee, kwa kitochi mjulishe kwanza kwamba unakuja, mjini siku hizi hodi ya ghafla inawasumbua watu. Nenda barazani, kacheze bao au drafti. Kama Simba na Yanga wanacheza, nenda kaitazame mechi pamoja na watu. Hiyo ni skrini, ndiyo, lakini ina dakika 90 na kisha inakwisha, na bishano lake ni la ana kwa ana. Habari zisikilize mara moja kwa redio au taarifa ya saa mbili usiku, ya saa moja kwa walioko Kenya. Dunia haitabadilika kati ya taarifa moja na nyingine kiasi cha wewe kuhitajika.

Jumapili mara nyingi haihitaji maelekezo.

Hatua ya sita: kurudi

Usiwashe ukiwa umesimama au kitandani. Kaa mezani, vaa miwani, weka daftari na saa, jipe dakika 45. Simu itatetema mfululizo ikipokea vilivyosubiri. Iache imalize.

Anza na watu waliokuandikia wewe binafsi. Kisha risiti za kikoba, kama ulivyoahidi. Magrupu mwisho, na usisome kuanzia ulipoachia. Lililokuwa kubwa ulishapigiwa.

Sasa, wakati bado unaona kwa macho mapya, safisha. Grupu ambalo hukulikumbuka wikendi nzima linyamazishe. WhatsApp inakupa saa 8, wiki 1 au daima, chagua daima, kisha uliondoe kwenye orodha ya mbele ulihifadhi kando. La msiba uliokwisha na la harusi ambayo maharusi wameshapata mtoto, toka. Tangu 2022 anayetoka hatangazwi kwa grupu zima, wanaojulishwa ni wasimamizi tu. Zima upakuaji wa picha na video wa moja kwa moja, maua ya asubuhi njema yatakoma kukujazia simu. Sauti za dakika saba zisikilize kwa kasi ya mara moja na nusu. Status za watu wanaokutia presha ya maisha zinyamazishe, hawatajua.

Halafu bando. Mwenye bando kubwa la mwezi anatazama chochote, na bando la usiku linamfanya mtu akeshe kwa bei nafuu. Nunua dogo la wiki. Likiisha Alhamisi, utakuwa umejifunza jambo kuhusu Jumatatu yako.

Kisichotibika kwa likizo

Kama huzuni au kukosa hamu ya kila kitu kumezidi wiki mbili, kama unakoroma na kuamka umechoka hata baada ya kulala kwa muda wa saa nane, kama moyo unaenda mbio au joto la usiku halikupi nafasi, nenda hospitali. Pima presha na sukari, uliza kuhusu ukomo wa hedhi bila kuona haya, pima na macho. Na kama kinachokurudisha kwenye simu ni kubeti au mikopo ya mtandaoni, wikendi moja haitoshi: futa programu zenyewe, mwambie mtu mmoja unayemwamini kiasi halisi unachodaiwa, mpange naye namna ya kulipa.

Kurudia

Wikendi nzima mara moja kwa mwezi inatosha kwa wengi, pamoja na ile saa tatu ya kila usiku. Kitochi kisirudi kabatini bila chaji, na kifremu cha laini kiweke ndani ya bahasha pamoja na kipini cha kutolea laini, vyote viwili hupotea. Tarehe ziandike kwenye kalenda ya ukutani ili nyumba nzima izijue, na mtu wako wa habari azipate mapema. Wikendi ya mwisho wa mwezi iepuke. Mishahara ikishatoka, kila kamati ya harusi huamka, na mweka hazina asiyeonekana siku hizo atatafutiwa maelezo hata na wasiochanga.